Siku saba za kuongozwa hadi Margherita: tathmini ya huduma ya kupanda milima ya Rwenzori

Januari hii mimi, mdogo wangu na mwenzetu mmoja wa kazini tulinunua safari ya siku saba ya kuongozwa katika milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, tukianzia Nyakalengija na kulenga kilele cha Margherita chenye urefu wa mita 5,109. Tulilipa kupitia wakala wa safari mjini Kampala, ambaye naye aliwaajiri waongozaji na wapagazi wa Kikonzo wanaoishi chini ya mlima. Nilipotafuta habari kwa Kiswahili kabla ya kuondoka nilikuta mengi kuhusu Kilimanjaro na karibu hakuna chochote kuhusu Rwenzori, na hiyo ni sababu ya kwanza ya kuandika tathmini hii. Sababu ya pili ni kwamba huduma tuliyoipata ilikuwa ya viwango viwili vilivyoachana sana: watu wa mlimani walifanya kazi kwa ustadi ambao sijawahi kuuona popote, ilhali wakala wa mjini alitukabidhi kifaa ambacho kingeweza kumgharimu mtu maisha yake. Safari hii naipendekeza kwa moyo wote, lakini kwa sharti moja nitakalolieleza kwa kirefu.

Aliyezoea Kilimanjaro inampasa kwanza auweke mlima huo kando akilini mwake. Kilimanjaro ni mlima mmoja uliosimama peke yake, unaouona kutoka mbali, na mtu mwenye afya na subira anaweza kufika Uhuru bila kushika kamba hata mara moja. Rwenzori ni safu ndefu ya takriban kilomita 120 iliyolala mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kaskazini kidogo ya ikweta, na ndani yake kuna milima sita mikubwa: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia, kila mmoja ukiwa na vilele vyake na kila mmoja ukitenganishwa na mwenzake kwa mabonde yenye kina. Haikuzaliwa na volkano. Ni pande la miamba ya kale lililoinuliwa wakati ardhi ilipokuwa ikipasuka kufanya Bonde la Ufa, na ndiyo maana mtu hapandi mteremko mmoja tu hadi juu, bali hupanda, hushuka, huvuka mto, huzama topeni, kisha hupanda tena. Tulitembea siku tatu nzima bila kukiona kilele tulichokilipia. Katika mazingira kama hayo huduma ya mwongozaji haiwi nyongeza ya starehe; yeye ndiye njia yenyewe.

Ununuzi ulikwenda vizuri kiasi. Wakala alijibu barua pepe kwa haraka, akatutumia mkataba unaoonyesha bayana kilichomo katika bei: ada ya hifadhi inayolipwa kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, malazi katika vibanda, chakula, mpishi, waongozaji wawili, wapagazi, pamoja na usafiri wa kutoka Kasese hadi Nyakalengija na kurudi. Vifaa vya kutembelea juu ya barafu, yaani viatu vigumu, kramponi zenye miiba ya chuma ya kufunga chini ya viatu, mikanda ya kiunoni na mashoka ya barafu, vilikodishwa kwa malipo ya kando. Tulilipa kwa dola za Marekani, nusu mapema na nusu siku ya kuwasili, na jumla yake haikuwa mbali na ile ambayo jamaa zangu wamewahi kulipa kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Ninamsihi kila msomaji akiangalie kipengele kimoja cha mkataba kabla ya vingine vyote, nacho ni idadi ya waongozaji. Wakala mwingine tuliyewasiliana naye alitupa bei ya chini kwa kuweka mwongozaji mmoja kwa wapandaji watatu. Tulimkataa, na siku ya kilele nilimshukuru Mungu kwa uamuzi huo.

Nyakalengija ni kijiji kilicho kaskazini mwa mji wa Kasese, kwenye mita 1,646, mahali ambapo mashamba ya kahawa ya Wakonzo yanapakana na msitu. Hapo mizigo yetu ilipimwa kwa mizani mbele yetu, mfuko kwa mfuko, na mfuko wangu ulipozidi, mkuu wa wapagazi aliniomba kwa adabu nitoe nguo za ziada niziache ghalani. Nilifurahi kuona hivyo, maana nimewahi kuona penginepo mzigo uliozidi ukitupwa tu juu ya bega la kijana mdogo. Askari wa hifadhi walitusomea masharti, wakaandika majina yetu kitabuni, kisha mwongozaji mkuu, mtu wa makamo mwenye maneno machache, akatutazama miguuni. Tulikuwa tumevaa viatu vya ngozi vya kupandia milima, vipya na vya bei. Akatuambia tuvifungashe na tuvae mabuti ya mpira, yale yale ambayo mkulima huvaa shambani wakati wa masika. Mdogo wangu alisita kidogo. Kufikia siku ya pili hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na neno la kusema juu ya mabuti yale isipokuwa shukrani.

Jambo jingine lililotupa faraja tangu siku hiyo ni lugha. Kasese iko karibu na mpaka wa Mpondwe, na ndugu wa Wakonzo upande wa Kongo ni Wanande, kwa hiyo biashara na undugu vimewazoesha wengi wao Kiswahili. Ni Kiswahili chenye ladha ya Kongo. Mwongozaji wetu aliniita "mukubwa" safari nzima, na sentensi aliyoirudia kuliko zote ilikuwa hii: "Kanyaga fasi nimekanyaga." Fasi ndiyo sisi tunayoiita mahali. Kuelewana na mwongozaji moja kwa moja, bila kukwama katika lugha ya tatu, kulipunguza hofu nyingi hasa kwenye kamba, ambako neno likichelewa kueleweka lina madhara yake.

Siku ya kwanza ni ya kupanda msituni hadi kibanda cha Nyabitaba kwenye mita 2,651, na sina mengi ya kusema juu yake ila kwamba ilikuwa na joto, kwamba tulimsikia shorobo wa Rwenzori kabla ya kumwona akiruka na mabawa yake mekundu, na kwamba usiku perere walilia mitini kwa sauti inayoweza kumwamsha mtu akidhani kuna anayekabwa. Siku ya pili huanza kwa kushuka hadi daraja la Kurt Schäfer, pale mito ya Mubuku na Bujuku inapokutana, halafu mianzi inaanza, na baada ya mianzi tope. Tulitumia saa nane kufika kibanda cha John Matte kwenye mita 3,505. Ukanda huo umejaa miti ya erika iliyovikwa ndevu za kijani na kijivu zinazoning'inia kutoka kila tawi, na ardhi yenyewe imefunikwa na godoro la mimea mibichi kiasi kwamba huwezi kujua kama chini yake kuna jiwe, mzizi au shimo.

Tope la Bigo, tulilolivuka siku ya tatu tukielekea ziwa Bujuku, linastahili maelezo ya pekee, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekilipia. Sehemu moja ya kinamasi hicho imewekewa njia ya mbao. Kwingine unabaki na vichuguu vya nyasi vilivyosimama ndani ya maji meusi, kila kimoja kikiwa na upana wa beseni, na unatakiwa kuruka kutoka kimoja hadi kingine. Mgeni hukanyaga katikati ya kichuguu, kwa kuwa ndipo panapoonekana imara, na kichuguu kinapinduka naye. Mwongozaji alikanyaga ukingoni, pale mizizi ya nyasi inapokazana, akiuweka mguu kwa ubapa na kuuondoa kabla uzito haujakaa. Alitufundisha hivyo kwa nusu saa, akirudi nyuma kila mmoja wetu alipokosea, bila kupandisha sauti. Mwenzetu wa kazini alizama mara moja hadi pajani, na kabla hajapiga kelele mpagazi mmoja alikwisha kuuweka mzigo wake chini na kumshika kwapani. Walimtoa, lakini buti lilibaki. Kijana yule alilala kifudifudi juu ya nyasi, akaingiza mkono mzima ndani ya tope, akalivuta buti likatoka kwa mlio mkubwa, akalimwaga maji na kulisuuza kijitoni kabla ya kumrudishia mwenyewe. Hayo hayakuandikwa katika mkataba wowote.

Nilimuuliza mwongozaji kama alifundishwa kazi hii mahali fulani. Akasema mambo ya kamba alijifunza kwa mafunzo rasmi, lakini tope alilijua tangu utotoni, akimfuata baba yake aliyekuwa mpagazi. Wakonzo ndio waliobeba mizigo ya msafara wa Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, aliyefika Margherita tarehe 18 Juni 1906 na kukipa kilele jina la mama yake mfalme wa Italia wa zama hizo. Duke huyo mwenyewe alikuja na waongozaji wa kulipwa kutoka Courmayeur, kwa hiyo tangu siku ya kwanza hakuna aliyefika pale kwa nguvu zake peke yake, na haki ya historia ni kulikumbuka hilo. Miaka ya mwisho ya karne iliyopita hifadhi ilifungwa kwa sababu ya mapigano ya waasi, kuanzia 1997 hadi 2001, na familia hizi zilikaa bila kazi ya mlima muda wote huo. Kuwaona leo wakiifanya kwa moyo namna ile kulinigusa sana.

Chakula kilikuwa cha kawaida lakini hakikupungua. Mpishi alituandalia uji na mayai asubuhi, supu ya moto tulipofika kambini hata kama ni saa tisa alasiri, na jioni wali, viazi au ndizi pamoja na maharage au nyama hadi nyama ilipokwisha siku ya nne. Wapagazi walikula bundu, ugali wao wa muhogo, na walitukaribisha tulipouliza. Malalamiko yangu hapa ni madogo: matunda yaliisha mapema, na kahawa iliyotolewa ilikuwa ya unga wa kopo, jambo ambalo linasikitisha katika eneo linalolima arabika nzuri kama ile tuliyoipita shambani siku ya kwanza. Wakala angenunua kilo moja tu kijijini, tungekunywa kahawa ya hapo hapo na pesa ingebaki kwa mkulima.

Kuhusu afya, kila jioni mwongozaji wa pili alitupima oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidoleni, akaandika namba katika daftari, kisha akatuuliza maswali yale yale: kichwa, usingizi, hamu ya kula, mkojo. Mara ya kwanza niliona kama desturi tu. Nilikuja kugundua kwamba alikuwa akisikiliza zaidi namna tunavyojibu kuliko tunachojibu.

Kibanda cha Elena kiko kwenye mita 4,541, juu ya mwamba mtupu, baada ya kupanda genge lililojaa senesio kubwa zenye vichwa vya majani kama kabichi zilizoinuliwa juu ya nguzo. Ni mahali pa baridi kali. Tulifika saa nane mchana siku ya nne, tukanywa chai, na mwongozaji akaagiza mfuko wa vifaa vya barafu ufunguliwe. Mfuko huo tulikabidhiwa Kampala ukiwa umefungwa, na ofisa wa wakala alitueleza kwamba vifaa vyote vilikuwa vimekaguliwa na kupimwa. Maneno hayo yaliandikwa hata katika stakabadhi ya kukodi. Kramponi za mwenzetu na za mdogo wangu zilikaa sawasawa. Za kwangu zilikuwa zimepangwa kwa kiatu kidogo zaidi, na skrubu ya kuzirefusha ilikuwa imeshikana kwa kutu. Kramponi ya kushoto haikuwa na kishikizo cha ukanda kabisa. Kilikuwa kimekatika zamani, maana hata pale kilipovunjikia palikuwa pamefanya kutu.

Kwa zaidi ya saa moja mwongozaji alikaa mlangoni pa kibanda, akitumia mwanga wa jua lililokuwa likizama, na kuishughulikia skrubu ile. Aliitia matone ya mafuta ya kupikia, akaipasha moto kwenye jiko la gesi, akaigonga taratibu kwa kichwa cha shoka la barafu, akaijaribu kwa koleo, akaanza upya. Ilipolegea hakushangilia. Alitoa mfukoni kipande cha tyubu ya baiskeli, akakikata ukanda mrefu kwa kisu, akaufunga mahali pa kishikizo kilichopotea, akavaa kramponi zile na kukanyaga mwamba kwa nguvu mara kadhaa. Halafu akazivua, akanisogezea zake mwenyewe, na kusema kwamba kesho yeye ndiye atakayevaa hizi za tyubu. Nilikataa. Alinijibu kwa upole kwamba yeye zikimfunguka atajua la kufanya, lakini mimi zikinifunguka nitamwangusha na wengine waliofungwa kwenye kamba yangu. Hapakuwa na la kubishana. Usiku ule sikupata usingizi, na sababu yake haikuwa urefu wa mlima.

Hili ndilo sharti nililolitaja mwanzoni. Kodi vifaa kwa yeyote umtakaye, lakini usipokee mfuko uliofungwa. Vaa viatu utakavyopandia, funga kila kramponi mjini au Nyakalengija, zungusha kila skrubu, vuta kila ukanda, simama juu ya ngazi ya mawe na utembee. Mwombe mwongozaji wa mlimani awepo wakati huo, maana yeye ndiye anayejua barafu ya mwaka huu inataka nini, na yeye ndiye atakayeubeba uzembe wa mtu wa ofisini.

Barafu ya mwaka huu, nasema, kwa sababu ya mwaka jana haipo tena kama ilivyokuwa. Mwaka 1906 mabarafuto ya Rwenzori, yaani matandazo ya barafu ya kudumu, yalifunika takriban kilomita za mraba 6.5, kufikia mwaka 2003 yalikuwa yamebaki chini ya kilomita moja ya mraba, na kuyeyuka hakujasimama. Kwa Wakonzo theluji hii ni makao ya Kitasamba, mungu wao wa mlimani, na wazee wao huizungumzia kwa heshima ambayo mpandaji anayepita siku saba hapaswi kuipuuza. Kwa mwongozaji maana yake ni kwamba njia ya kilele haikai mahali pamoja. Palipokuwa na mteremko wa barafu pamebaki mwamba mtupu wenye utelezi, palipokuwa na daraja la theluji pamefunguka ufa, na kamba iliyofungwa msimu uliopita inaweza kuwa inaning'inia juu mno. Mwongozaji wetu alikuwa amepita huko wiki mbili kabla, na bado alikwenda peke yake jioni ile kuangalia sehemu ya kwanza kabla ya giza.

Tuliondoka saa nane usiku kwa taa za kichwani. Kulikuwa na ukungu mzito na umande uliogandia kwenye nyuzi za sweta. Tulipanda mwamba hadi kwenye barafuto la uwanda wa Stanley, tukafunga kramponi, tukafungwa kamba, mimi na mwenzetu kwa mwongozaji mkuu, mdogo wangu kwa mwongozaji wa pili. Barafuto hilo halina mwinuko mkubwa na tulilivuka bila taabu. Upande wa pili inabidi kushuka tena kwenye miamba kabla ya kuanza barafuto la Margherita, na hapo tuliposimama kunywa chai mwongozaji wa pili alimwangazia mdogo wangu usoni na kumuuliza jina la kambi tuliyolala. Mdogo wangu alijibu vizuri, lakini alichukua muda. Kisha akaanza kufunga ukanda wa kramponi kinyume, akaufungua, akaufunga kinyume tena, dalili kwamba hewa nyepesi imeanza kumvuruga akili. Waongozaji walizungumza maneno machache kwa Kikonzo, na mkuu akaniambia, akitumia Kiswahili fasaha kuliko kawaida yake, kwamba ndugu yangu anashuka sasa hivi. Sikuulizwa maoni. Mdogo wangu alilalamika kwamba kichwa hakimuumi sana, kwamba ametoka mbali, kwamba zimebaki saa mbili tu. Mwongozaji wa pili alimsikiliza mpaka akamaliza, akamwambia, "Ndiyo, ndugu yangu, twende," akageuka naye. Kufikia mita 4,000 alasiri ile alikuwa akila na kucheka kama kawaida. Kama tungekuwa na mwongozaji mmoja, tungegeuka wote, au, jambo baya zaidi, tungejaribu kuendelea wote.

Barafuto la Margherita lina mwinuko mkali. Mwongozaji alipanda mbele, akafunga kamba, akatuita mmoja mmoja. Nilikuwa nikitazama mguu wake wa kushoto kila alipoupiga kwenye barafu, na ule ukanda mweusi wa tyubu ulivyokuwa ukijinyoosha na kurudi. Ulishika safari nzima. Juu ya barafu kuna mwamba wa mwisho wenye kamba zilizofungwa kabisa, na vidole vyangu havikuwa na hisia tena nilipozishika. Tulifika kileleni saa moja kasoro asubuhi. Kibao kilikuwa kimefunikwa na barafu upande mmoja, na mwongozaji alikikwangua kwa mkono wa glavu ili namba 5,109 ionekane. Hatukuona Alexandra, kilele jirani, wala Speke, wala bonde lolote. Alinyoosha mkono kwenye weupe ule na kusema, "Kule Kongo," kisha akaugeuza mkono upande wa pili wa weupe ule ule na kusema, "Huku Uganda." Nililia, na sioni haya kuandika hivyo.

Baadhi ya wasomaji wataniuliza kama inafaa kulipa kiasi kile kwa ajili ya kilele kisichoonyesha kitu. Rwenzori hunyewa na mvua karibu mwaka mzima. Hata miezi inayosifiwa kwa ukavu, yaani Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, haimpi mtu hakika yoyote. Anayetaka picha ya mawio atalipa pesa zake kwa uchungu. Lakini kesho yake ukungu uliondoka kwa muda tulipokuwa kwenye maziwa ya Kitandara, na maji yale meusi yenye rangi ya kijani yaliyozungukwa na mimea mirefu ya lobelia, na kuta za mlima Baker zikiwa juu yake, ni mandhari ambayo sitajaribu kuyapamba kwa maneno. Tukavuka upenyo wa Freshfield kwenye mita 4,282, tukashuka hadi Bujongolo, mwamba mkubwa uliojitokeza kama paa, ambapo msafara wa 1906 uliweka kambi yake kuu. Mpishi alitupikia chai chini ya paa hilo hilo.

Mshuko kutoka hapo hadi Nyabitaba una mawe na tope ya kutosha kuumiza magoti ya mtu mwenye umri wangu, na ningeshauri wenye zaidi ya miaka 45 wanunue siku ya nane ili sehemu hiyo igawanywe. Siku saba zinatosha kwa kalenda ya wakala. Miguu inataka nane, na mwili uliolala usiku wa ziada Bujuku kabla ya kwenda Elena ungezoea hewa nyepesi vizuri zaidi. Naamini mdogo wangu angefika kileleni kwa mpangilio huo.

Bakshishi tuliitoa Nyakalengija kwa shilingi za Uganda, mkononi mwa kila mmoja, mbele ya wote, kama mwongozaji mkuu alivyotuomba tufanye ili pasiwe na manung'uniko. Fanyeni hivyo hivyo. Wakala tulimwandikia barua kuhusu kramponi, tukiambatanisha picha ya skrubu na ya kishikizo kilichokatika. Alijibu baada ya siku tisa, akaomba radhi na kuturudishia pesa zote za kukodi vifaa. Swali letu la nani alizikagua kramponi zile na lini bado halijajibiwa, na tumemwandikia tena.

Mwongozaji hakutaka kuurudisha ule ukanda wa tyubu pamoja na kramponi. Aliufungua pale getini, akauosha kwenye bomba pamoja na mabuti yetu, akauviringisha na kuutia mfukoni, maana kulikuwa na kundi jingine linaloanza kupanda Jumatatu.